Fundi wa Maji na Riwaya ya Ukame

"Huyu jambazi wako wa uongo, Nasra! Miwani nyeusi, bunduki mbili, anacheka peke yake. Nani kashawahi kufungiwa maji na mtu wa hivyo?" Fundi wa maji wa mtaa wetu wa Mafiga hapandishi sauti. Akikasirika ndiyo anazidi kunong'ona, na dole gumba lake lenye nyufa linasugua karatasi mpaka maandishi yanafifia. Riwaya kaiandika Nasra, ya vijana, dunia imekauka na mito ya Uluguru imebaki vumbi tupu. Kesho inaenda kwa mchapaji, ndiyo maana kampa mzee aisome kwanza.

"Kwa hiyo yote mbovu, mzee?" Machozi yanamlengalenga.

"Nimesema yote? Hapa binti anapompa mdogo wake maji yaliyooshea mchele, anamdanganya ni uji, nimesoma mara tatu." Akaukunja ukurasa ule pembeni, taratibu, anavyokunjaga ratiba ya mgao wa maji. "Ila anayefunga maji unamjua. Unamwamkia shikamoo kila siku. Mwandike huyo."

Simu yake ikaita, ofisi ya maji. Akasikiliza, akajibu "sawa" tu. Akamrudishia Nasra karatasi bila kumtazama, akachukua spana, akaenda kufunga koki ya mtaa wa juu, ambako mama yake Nasra alikuwa hajajaza hata ndoo moja.