Niliimba nafasi ya mfalme kwa sauti ya juu Machame, ukweni wakatishia kuvunja posa

Wakuu, salaam. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Baadhi ya waliokuwepo huenda wako humu, wanisahihishe.

Ni miaka ya tisini, Machame. Nilikuwa tenor, sauti ya juu ya wanaume, kwenye kwaya ya kanisa, na posa yangu kwa Ndeshi ilishapokelewa kwao Bomang'ombe.

Akaja mama wa Kijerumani kutufundisha muziki. Alileta opera ya karibu karne tatu nyuma, fotokopi tupu. Alisema hata Ulaya haichezwi mara kwa mara, maana waimbaji wanaoiweza ni wachache.

Kwa wasiojua, opera ni mchezo wa jukwaani ambamo watu hawaongei, wanaimba tu.

Kazi ilikuwa kwa mfalme, mhusika mkuu. Ni shujaa wa vita, lakini anaimba juu kama soprano, sauti ya wanawake. Neno moja linabeba nota mstari mzima, pa kuvuta pumzi hakuna.

Mama alitujaribu wote. Mimi nilizoea kumwita kaka yangu ng'ambo ya korongo kwa ile sauti ya kichwani inayofika mbali. Nikaipandisha.

"Mfalme ni wewe," akasema.

Kosa lake lilikuwa kusema ukweli wote. Mwenzetu aliuliza zamani nani waliimba hivyo. Akajibu bila kupepesa: wanaume waliohasiwa wangali watoto.

Hapo ni Uchagani, wakuu! Kwetu beberu aliyehasiwa ndiye ndafu, yule anayechomwa mzima harusini. Jumapili haijafika, jina langu likawa Ndafu.

"Ndafu, majani umeshakula?"

Habari zikashuka Bomang'ombe. Mjomba wa Ndeshi, msimamizi wa posa, akaniita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nakuuliza kiume: wewe ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi acha huo uimbaji. Ukiimba, hatukujui."

Nikamweleza Ndeshi. Akanitazama.

"Ukiacha ndiyo wataamini umehasiwa. Imba."

Siku ya onyesho, ukumbi wa shule ulijaa. Nimeingia tu na joho la mapazia ya mitumba, jamaa mmoja akalia, "Meee!" Watu wakaangua kicheko.

Nikaanza. Kufika kwenye ule mstari mrefu, kicheko kikakatika. Wote walikuwa wanangoja nivute pumzi. Sikuvuta.

"Jamani, huyu atakufa!" mama mmoja akasema.

Sikufa. Na opera hizo zina utaratibu wake: ukimaliza wimbo unarudia mwanzo, safari hii unaupamba. Nikamgeukia yule jamaa, nikarudia wote nikimtazama usoni.

Mjomba alitimiza neno lake. Wiki iliyofuata posa ilirudishwa. Wiki ya pili Ndeshi akabeba begi lake mwenyewe, akapanda Machame.

Tuna watoto, lakini siwaleti hapa kama ushahidi. Hata tusingepata, ningeimba.

Nilichojifunza: anayekutaka uache kipaji ili uthibitishe uanaume, hata ukiacha atatafuta kingine cha kukudai.

Wewe uliyewahi kupewa sharti kama hilo, ulichagua nini? Waliochagua tofauti na mimi waje pia, tubishane.