Wimbi Pweke na Zamu ya Maji

Miaka ya tisini nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia, na kichwa changu kilijaa mawimbi pweke katika gesi yenye umeme na vumbi. Wimbi pweke ni nundu moja inayosafiri mbali bila kubadilika umbo. Nilijiona mtu mkubwa sana. Msichana niliyempenda aliponipeleka kijijini kwao Ruiri nikaonwe na baba yake, niliogopa kidogo tu.

"Unasomea nini hasa?" mzee akauliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta kofia yake.

"Vumbi si hata hapa iko mingi? Ulienda kutafuta gani Nairobi?"

Msichana akacheka. Mimi nikaumia. Nilitaka mzee anikubali, tena anikubali kama msomi. Chai ikiwa bado mezani, nikamwomba tushuke hadi kwenye mfereji uliopita chini ya maharagwe yake. Nikaziba maji kwa ubao, yakajaa, nikauchomoa ghafla. Loo! Nundu moja laini ikaondoka ikiwa nzima, nami nikaifuata mbio kando ya mfereji, na suti yangu ya kuazima, nikipiga kelele, "Mzee, ona! Haivunjiki!"

Kweli haikuvunjika. Ilifika kwa jirani, mwenye zamu ya maji siku hiyo, ikamzolea kitalu chote cha miche ya kabichi.

Jirani alipanda mteremko hadi kwetu akiwa na jembe mkononi. Mfereji ule una sheria yake: mgeni akigusa maji ya mtu hupelekwa kwa chifu, lakini mtu wa boma la hapo akiyagusa, boma lake hukosa zamu inayofuata. Na mwaka huo mvua ilikuwa imetunyima.

"Huyu ni nani amefunga maji yangu?"

Mzee alinitazama, kisha akayatazama maharagwe yake, yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akisema mimi ni mgeni tu, nitarudi mjini bila mke.

"Huyu ni wa kwangu," akasema. "Ni mkwe. Zamu yangu chukua."

Wiki ile nilibaki Ruiri nikimwagilia maharagwe yake kwa debe, shina kwa shina, nikimimina polepole sana ili maji yasifanye wimbi lolote.