Mama Mkwe Hali Chakula Changu kwa Sababu ya Mafuta ya Kondoo

Admin, nifiche vizuri, maana mwanaume ninayemsema hapa anausoma ukurasa wako kila asubuhi akiwa chooni. Akijitambua, shauri yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Gitega na mume wangu na binti yetu mmoja. Nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Wazazi wangu walirudi kwao Bugendana, wanalima, na ni Wakristo hadi leo. Mimi nilisilimu nilipoolewa, kwa moyo wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo. Wakwe zangu wako Muyinga, familia ya Kiislamu ya mjini, na tangu siku ya kwanza walikuwa wananiita "yule wa kambi".

Kazi yangu ni kupaka magari dawa ya kuzuia kutu, chini kwenye chesisi. Ni mafuta yanayoitwa lanolini, yanatoka kwenye sufu ya kondoo. Sufu ikioshwa, yale mafuta yake ndiyo yanakusanywa, kondoo hata hachinjwi. Yanakuja kwa ndoo kutoka Dar es Salaam, ya njano kama samli, na siku za mwanzo gari likipata joto yananuka zizi kidogo, sikatai. Naosha gari chini kwa maji ya presha, naliacha likauke kabisa, nasugua kutu kwa brashi ya waya, ndipo nalala chini nipake, nikikwepa breki na bomba la moshi. Watu hapa walizoea kupaka oili chafu ya gereji, mvua na tope vinaiondoa mara moja. Wenye Fuso za kubeba chumvi na ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha, ndio walionipenda zaidi, kwa sababu chesisi zao zilikuwa zinaliwa na kutu. Nilikuwa na wateja Gitega na Muyinga kote.

Ramadhani hii wakaanza kupotea. Mmoja hapokei simu, mwingine ananiambia gari limeuzwa na mimi naliona linapita barabarani. Nikadhani ni hali ngumu tu.

Kisha tukaenda Muyinga kufuturu kwa mama mkwe. Nilipika mwenyewe, uji, mihogo, sambusa. Mama mkwe hakugusa kitu. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema mbele ya watu wote: "Mi siumwi. Mi siwezi kula kitu ya mikono yako. We uko unashika nguruwe kila siku, halafu unaleta kwa nyumba yangu."

Nikamwambia, mama, ni kondoo. Wifi yangu akacheka. "Kule kambi mulikuwa munakula ingurube, sasa unatudanganya nini?" Akazikusanya sahani nilizopakulia, akaziosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama zimelambwa na mbwa, na mimi nimesimama pale naangalia. Mume wangu alikuwa hapo hapo anatafuna tende, macho chini. Nililia njia nzima ya kurudi Gitega, naye akaniambia nimvumilie mama, ni mtu mzima.

Nikaanza kushuku kwamba maneno hayo hayo ndiyo yaliyowakimbiza wateja. Wiki iliyopita nikamfuata mteja wangu mmoja wa Muyinga, mzee mwenye Fuso ya chumvi, mtu wa swala na adabu zake. Nikamwomba aniambie tu nani alimpa habari za nguruwe. Alijikuna kichwa weee, mwishowe akasema: "Madamu, mi sina shida na we. Ni bwana yako mwenyewe alisema, pale parking ya taxi. Watu walikuwa wanamucheka eti bibi yake analala chini ya magari ya wanaume. Akasema, muache, iko anapaka mafuta ya nguruwe, ni mambo ya kambi yao. Sasa kama bwana ndiye anasema, sisi tubishe?"

Huyu ni mwanaume anayenibebea ndoo zile kwenye Probox yake ya taxi, na Probox yenyewe nimeipaka kwa mikono hii. Anajua ni kondoo kama anavyojua jina lake! Nilipomuuliza hata hakukana. "Nilikuwa nacheka tu na watu, bon. Wananiona mi si mwanaume, ulitaka niseme nini?" Nikamwambia, basi kamwambie mama yako ukweli. Akanijibu huku anafuta kioo cha gari: "We acha hiyo kazi kwanza. Ukiacha, mi nitamwambia ni kondoo."

Mmemsikia? Ukweli anao, ila mpaka nimlipe kwa kazi yangu. Jamani nimemchukia mtu huyu, akikohoa tu nakasirika. Na kila magharibi anakula chakula changu na kuongeza! Kama mikono yangu ni najisi, tumbo lake yeye tuliite nini?

Sasa Idd wanakuja kwetu wote, mama mkwe na mawifi. Wifi ameshapiga simu kwamba watakuja na sufuria zao na watapika wenyewe, ndani ya jiko langu. Nikisema mbele yao kwamba mtoto wao ndiye aliyenisingizia, talaka naiona, na binti yangu watambakisha kwao. Nikinyamaza, nimekubali kwamba mimi ni mtu wa nguruwe. Na juzi mchana nilimpakulia binti yangu wali, ana miaka saba. Akaushika mkono wangu, akaunusa, akaniuliza taratibu: "Mama, chakula yako tunaweza kula?"

Nivumilie nimeshaambiwa, msiniambie tena. Wanawake mliosilimu mkaolewa, na ninyi wanaume mnaomwogopa Mungu, naomba mnijibu kabla ya Idd: niwapishe jikoni nikae kimya, au niseme kabla mtu yeyote hajasema bismillahi?