Kelele ya Usukani

Tulikuwa wanne gerejini Kasongo: fundi, dereva wa jipu la zamani, mama muuza samaki wa Nyangwe aliyengoja kupelekwa Kabambare, na mimi. Kila mara dereva alipozungusha usukani, ulilia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Fundi alifungua boneti, akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya usukani. Kidole kilitoka kikavu.

"Pompi inanyonya upepo, papa. Mafuta haiko. Nijaze?"

"Ngoja kwanza." Dereva aliweka mkono juu ya boneti. "Bibi yangu iko Wamaza. Akisikia hii kelele kwenye kona, anaweka maji ya bugali ku moto. Ukiinyamazisha, nitakula saa ngapi?"

"Umupigie simu!"

"Kule rezo ya simu haiko."

"Basi piga honi."

"Honi, kila mutu iko nayo."

Mama wa samaki alicheka mpaka akashika ubavu. "Fundi, umuache. Huyu anapenda mke wake kuliko motokari."

"Lakini pompi itaungua," fundi alinung'unika. Mwishowe alitia mafuta kidogo tu, ya kuilinda pompi bila kuinyamazisha.

Shuleni kwa mapadre tulifundishwa kwamba mashine inayolia ni mbovu. Hatukuambiwa kwamba huenda kuna mtu anayeisikilizia.

Juzi nilimkuta dereva yule gerejini tena. Alimwambia fundi ajaze mafuta mpaka juu. Mke wake alifariki Jumanne, huko Wamaza.