Kamera Iliyolenga Pazia

Mume wangu alipoanza kuona ukungu, hakuniambia. Niligundua kupitia wateja. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja Shinyanga mjini, chenye pazia la maua na stuli mbili, na watu walianza kurudisha picha wakilalamika kwamba nyuso zao hazionekani vizuri. Yeye aliwajibu kwamba walitikisika. Mimi nilijua si kweli, maana nilimwona jinsi alivyozungusha lenzi mbele, nyuma, mbele tena, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Bujumbura. Mwanzoni mwa miaka ya themanini madukani hakukuwa na kitu, lakini safari moja alirudi na kamera ndogo nyeusi ya kuingia mfukoni.

"Hii inalenga yenyewe, shemeji. Wewe bonyeza tu."

Mume wangu aliigeuzageuza. "Sasa mimi kazi yangu itakuwa nini?" Hakuwa anatania.

Kamera ikakaa kabatini wiki mbili. Kisha bwana harusi mmoja alirudisha picha zake zote kwa hasira, na kesho yake asubuhi nikamkuta mume wangu anatia betri. Picha za kwanza zilitoka safi, hata kope za mtoto zilionekana. Akaanza tena kupiga mluzi kazini.

Ndipo walipokuja ndugu wawili kutoka kijiji cha jirani na Kolandoto. "Mwadila, mayu," mkubwa alinisalimia kwa Kisukuma. Mdogo wake aliingia baada ya muda, akasimama mlangoni. Mkubwa akaeleza bila kumtazama: mama yao amevunjika nyonga, hatoki kitandani, na ameomba kitu kimoja tu, picha yao wakiwa pamoja. Tangu wagombanie ng'ombe wa marehemu baba yao walikuwa hawasemezani.

Wakasimama mbele ya pazia, mmoja huku, mwingine kule. Katikati yao ungepitisha baiskeli. Mume wangu akabonyeza mara mbili.

Alasiri alisafisha filamu, akanipa picha. "Nyuso zikoje?"

"Zina ukungu."

Akakaa chini taratibu. "Basi si kamera. Ni mimi. Hata hii imenishinda."

Niliipeleka picha dirishani. "Hebu subiri. Maua ya pazia yametoka vizuri kabisa. Imelenga katikati, na katikati hapakuwa na mtu."

Akaniomba nirudie. Kisha akacheka hadi akafuta machozi, na sikumuuliza yale machozi yalikuwa ya nini. Siku hiyo ndipo aliponieleza habari za macho yake: la kulia lilikuwa limebaki kuona mwanga tu.

Mkubwa alipofika kuchukua picha, mume wangu alimwambia ukweli. Ilibidi warudie, wakisimama bega kwa bega.

"Tupige mmoja mmoja, halafu uziunganishe."

"Mama yenu hakuomba hivyo, bwana. Nitakuja huko huko kwake."

Tulipanda lori la pamba, kamera nimeipakata mimi. Tulimkuta mama amelazwa nje kivulini, kwenye kitanda cha kamba, wanawe wamesimama mbalimbali. Tukamwamkia. Mume wangu akaanza kumweleza jinsi kamera inavyolenga, lakini hakumaliza.

"Niinueni," mama aliwaambia wanawe.

Wakamwinua, mmoja kila upande. Hakuweza kukaa bila kushikwa, kwa hiyo mikono yao ilibidi ipishane mgongoni kwake, na mabega yao yakakaribiana. Mdogo alitaka kujivuta kidogo.

"Usiniachie," mama alisema. "Nitaanguka."

"Bonyeza," nilimnong'oneza mume wangu.

Picha ilitoka. Wote watatu wanaonekana: mama ametazama mbele kama aliyeshinda kesi, wanawe wamekaza midomo. Tuliambiwa aliiweka chini ya mto. Kiangazi kilichofuata alifariki.

Kama wale ndugu walipatana, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba baada ya arobaini mdogo alikuja studio peke yake kuomba nakala. Aliuliza kama kaka yake amekwisha kuja. Nikamwambia bado.

Akatoa pesa mfukoni, akazihesabu mezani.

"Basi nitengenezeeni mbili," alisema. "Ya kwake nitampelekea mwenyewe."