Steki ya Binti wa Havana

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Ujanani alipelekwa Kuba kusomea ufundi wa magari ya jeshi, akarudi na Kihispania cha kubabaisha na upishi wa nyama aliotupikia kila Krismasi hapa Makindye, Kampala. Upishi hakunificha. Alichonificha nilikisikia kwa simu baada ya mazishi: alikuwa na binti Havana, mtu mzima sasa, na binti huyo, ndiye aliyepiga simu, alikuwa anakuja kuona kaburi.

Nilingoja hasira ije. Haikuja. Nikamwambia afikie kwangu.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alinikuta jikoni naponda nyama kwa mchi. Aliniuliza kwa nini nisimpe mgeni kuku kama wageni wengine. Niliponda mpaka steki ikawa nyembamba kama chapati, nikaipaka kitunguu saumu, chumvi na bizari nyembamba, nikaikamulia machungwa na ndimu. Marehemu alisema kwa Wakuba hutumika madanzi, yale machungwa machungu, lakini Kampala hatukuyapata. Nikapanga saladi kwenye sahani: majani mabichi, nyanya, parachichi, vitunguu vilivyokatwa duara. Divai nilinunua nyekundu, ile aliyozoea kunywa na nyama hiyo. Mimi sinywi, sikujua nyingine. Mikono ilifanya kazi yake. Mimi nilikuwa kama niko chumba cha pili, nasikia mtu anapika.

Binti alifika mchana. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Nililitazama kama mtu anavyotazama picha ya kitambulisho, nikamkaribisha kiti.

Nyama niliitia kwenye kikaango cha moto mkali, nikaigeuza mara moja, kisha nikakaanga vitunguu kwenye mafuta yaleyale. Alikula kipande cha kwanza, akaweka uma chini. Kwa Kiingereza cha polepole aliniuliza nani alinifundisha.

“Baba yako, kwa maneno tu.”

Akasema hicho ni chakula cha bibi yake mzaa mama, na bizari vilevile, ambayo majirani zao hawaweki. Baadaye akauliza, bila kunitazama, “Alikuwa akitutaja?”

Ningeweza kumdanganya.

“Hapana. Ila siku ya kupika hii hakutaka mtu amsaidie. Alikuwa akifunga mlango wa jikoni.”

Alilia sana, kuliko nilivyolia mimi siku ya maziko. Wifi yangu alisogeza kiti karibu yake, akamshika bega. Mimi nilimkatia kipande kingine.

“Kula, binti, kitapoa.”

Alikula. Akajimiminia divai, akanimiminia na mimi, nikaiacha palepale.

Kesho yake wifi yangu alimpeleka kaskazini, kijijini kwao marehemu, kwenye kaburi. Waliniomba tufuatane, nikasema nimechoka, na ilikuwa kweli. Walipoondoka nilitoa nyama iliyobaki, nikaila baridi, nimesimama. Sikusikia ladha yoyote. Niliimaliza, nikaosha sahani.