Msumari Nyuma ya Mlango

Jirani yangu tunamwita Mama Pasi, kwa sababu ndiye anayepiga pasi nguo za mtaa mzima. Shati likitoka mezani kwake, mkunjo wake unaweza kukatia mkate. Ni msafi kupita kiasi. Hata makaa ya ile pasi yake nadhani huyapangusa kwanza. Kwa hiyo kanisa lilipotangaza kwamba wamisionari kutoka mjini watalala majumbani mwetu, ili tuzoeane nao badala ya kuhubiriwa na kuachwa, hakuna aliyeshangaa yeye kuwa wa kwanza kupewa mgeni.

Shida ilikuwa chumba. Chumba cha pili alilala mama yake mzazi, bibi mwenye macho yaliyoingia ukungu, mikono inayotetemeka na mdomo usio na breki. Bibi humwaga chai, hucheka watu wakisali, na akikereka hutema mate popote.

Mama Pasi alinijia na godoro kichwani. "Jirani, nikalie na mama siku chache tu. Chumba hakitoshi."

Mimi ni fundi cherehani, nyumba yangu iko nyuma ya yake. Nikakubali, maana chumba kweli kilikuwa hakitoshi. Lakini mgeni alipofika, mwalimu wa shule, binti mpole, akauliza, "Mama, mnaishi wangapi hapa?"

"Mimi na mume wangu tu."

Neno likishatoka, utalirudishaje? Mtaa mzima tulijua, tukajitia hamnazo.

Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa sebuleni. Wenzake walizunguka nyumba kwa nyumba wakigawa vijitabu, yeye akaingia kwangu, akamkuta Bibi anachambua vifungo kwa vidole, akamwamkia, akaketi chini. Basi, hakutoka tena. Kila siku alikuja. Alimkata kucha, akamsikiliza, na walivyokuwa wakicheka nilipindisha mishono ya watu.

Siku moja akamuuliza habari za watoto. Nilisimamisha cherehani.

"Ninaye mmoja," Bibi akasema bila kusita. "Kasafiri kikazi. Angekuwepo, mimi nisingekuwa kwa watu."

Jioni hiyo Mama Pasi alikuja uani kwangu, uso umemshuka. "Mwalimu ananisifia mama yangu mwenyewe! Na mimi naitikia, 'Maskini, bibi wa watu.' Nifanyeje?"

"Mwambie."

"Nitaonekanaje?"

"Kama ulivyo," nikamjibu, nikaingia ndani. Nilikuwa nimekasirika, na sijutii.

Siku ya kuagana, mwalimu alimwomba mwenyeji wake ruhusa ya kumwalika rafiki mmoja kwenye chakula cha mwisho. Ungekataaje? Akaja kwangu kumchukua, akamwongoza Bibi kwa mkono, nami nikafuata nyuma.

"Hodi," Bibi akaita mlangoni pa nyumba anayoishi, kwa sauti ya ugeni kabisa. "Wenyewe wapo?"

Mama Pasi alikuwa anapanga sahani. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Asante kwa kunikaribisha, mwenye nyumba. Kwako kunanukia usafi."

Aliingia, akavua mtandio wake. Mkono ule unaotetemeka ukaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kwenye msumari asioweza kuuona, akautundika.

Mwalimu aliutazama msumari, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Bibi naye alishtuka, akagundua alichofanya, akapapasa haraka autoe mtandio.

"Uache, mama," Mama Pasi akasema. Alikuwa ameanza kulia, sahani bado mkononi. "Uache hapohapo, ndipo pake. Mwalimu, huyu ni mama yangu. Anaishi hapa. Nilimficha. Nilimwonea haya mbele yako."

Mwalimu alimvutia Bibi kiti cha karibu, lakini Bibi alimpita, akaenda kukaa kwenye kigoda chake kilicho pembeni ya meza ya pasi. Kumbe aliyekasirika ni yeye.

"Sasa umesemea nini?" alimfokea bintiye, machozi yakimtoka. "Mimi nilishamwambia nina mtoto mwema."